Misa ya Jumamosi jioni inahesabika

Hapa Bagamoyo bado utasikia kwamba Mkatoliki asiyeonekana kanisani Jumapili asubuhi ameikosa Misa ya wiki. Si kweli. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1248, inasema aliyehudhuria Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo mama anayekaanga samaki, ambaye Jumapili alfajiri yuko mnadani ufukweni akigombea ndoo ya vibua, hana deni akisali Jumamosi jioni. Anayeuguza mtoto naye hana hatia hata akiikosa Misa. Ila sala ya jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaa, nyumbani kwa jirani (ambako sisi wanaume, tuseme ukweli, huonekana kwa nadra) haichukui nafasi ya Misa.