Mlango wa Kizazi Unapolegea: Usingoje Mimba Itoke Tena

"Daktari, sikuumwa kabisa. Nilikwenda kujisaidia tu, nikahisi kitu kizito kinashuka." Sisi tunaohudumia wajawazito maneno ya namna hii tunayasikia kwa akina mama waliopoteza mimba ya miezi minne au mitano. Homa hakuwa nayo, uchungu wa kueleweka hakuwa nao, na mtoto alikuwa akicheza hadi siku ile. Nyumbani maswali huanza: alibeba nini kizito, alikula nini, nani alimkasirisha? Mama mwenyewe huishia kujilaumu. Naomba niliseme hili mapema: hakukosea.

Mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi, hutakiwa kubaki mrefu, mgumu na umefungwa mpaka mtoto akomae. Kwa baadhi ya wanawake hulegea kimyakimya, ukafupika na kufunguka kabla ya wakati. Wapo walioumbwa hivyo. Wapo waliowahi kukatwa kipande cha mlango huo ili kutibu dalili za awali za saratani, waliochanika vibaya katika uzazi uliopita, au ambao mlango ulijeruhiwa walipokuwa wakisafishwa kizazi. Na wapo ambao chanzo hatukioni.

Kabla ya kushika mimba, hakuna kipimo cha kuaminika cha kutambua tatizo hili. Kwa hiyo historia yako ina uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Ukijua tu kwamba una mimba, nenda kliniki na ueleze kila mimba iliyotoka: ilikuwa ya wiki ngapi, maumivu yalikuwepo au la, chupa ilipasuka kwanza au mtoto alitangulia. Usione haya kutaja hata ile mimba ambayo familia haiijui; mweleze mhudumu mkiwa wawili.

Historia ikionyesha wazi kuwa tatizo ni hili, tunashona mlango wa kizazi kati ya wiki ya 12 na ya 14, baada ya kuhakikisha mtoto yu hai na hana kasoro kubwa inayoonekana. Kwa mama aliyewahi kujifungua mtoto njiti, tunaweza kupima urefu wa mlango kwa altrasaundi ya kupitia ukeni, kuanzia wiki ya 16 hadi ya 24. Kipimo hiki hakimdhuru mtoto. Mlango ukiwa chini ya milimita 25, tunazungumza naye kuhusu kushonwa au kutumia dawa ya projesteroni inayowekwa ukeni.

Kushonwa kwenyewe kunatisha zaidi kwa jina. Mara nyingi mama huchomwa ganzi ya mgongoni. Daktari hupitia ukeni, bila kupasua tumbo, na kuzungusha uzi imara kwenye mlango wa kizazi, kisha huuvuta na kuufunga, kama unavyokaza kamba kwenye mdomo wa mfuko. Akina mama wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Matone machache ya damu na maumivu madogo kwa siku chache ni kawaida. Iwapo uzi wa ukeni uliwahi kushindwa, upo ule unaowekwa juu zaidi kwa kupitia tumboni, na mama aliyewekewa uzi huo hujifungua kwa upasuaji.

Uzi hauzuii kila mimba kutoka, na haumfai kila mtu. Kwa mama wa mapacha asiye na historia hii, hatuushoni kama jambo la kawaida. Nalo lile agizo la kulala kitandani miezi mizima halijathibitika kusaidia. Kinyume chake, huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Uliza daktari wako kuhusu kazi na tendo la ndoa, usikisie.

Ukiwa na uzi, ukaona damu nyingi, majimaji yanavuja, homa, uchafu wenye harufu au tumbo linakaza na kuachia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Uchungu ukianza uzi ukiwa bado ndani, unaweza kuuchana mlango.

Mambo yakienda vizuri, uzi hukatwa wiki ya 36 au 37, kwa kawaida bila ganzi, kwa dakika chache. Wengi hudhani mtoto atatoka palepale. Baadhi hushikwa na uchungu siku chache baadaye. Wengine hurudi nyumbani na kusubiri wiki kadhaa kama mjamzito mwingine yeyote.