Kuimarisha Tomcat: tuanze na umiliki wa mafaili

Nikipewa seva ya Tomcat (programu inayoendesha mifumo ya wavuti iliyoandikwa kwa Java) niikague, wenyewe huniuliza kwanza kama cheti cha HTTPS kiko sawa. Mimi huanza kwingine. Naandika `ps -eo user,args | grep catalina`, halafu natazama neno la kwanza kwenye mstari wa java unaorudi. Likiwa root, yaani mtumiaji mkuu wa Linux mwenye mamlaka yote, cheti kitangoja.

Kazi ya Tomcat ni kuendesha msimbo wowote inaoukuta ndani ya folda yake ya webapps, bila kuuliza nani kauweka. Faili moja la JSP (ukurasa wenye msimbo wa Java ndani yake) lenye mistari michache linatosha kumwezesha mtu kutuma amri za Linux kupitia kivinjari, na amri hizo hutekelezwa kwa mamlaka ya mtumiaji anayeendesha Tomcat. Mtumiaji huyo akiwa root, mvamizi amepata mashine nzima: hifadhidata, nakala rudufu, funguo za SSH, kila kitu. Kwa hiyo kila mpangilio ninaoukagua naupima kwa swali moja: je, unampa mgeni nafasi ya kuweka msimbo wake hapa?

Kwetu Afrika Mashariki suala hili linagusa watu moja kwa moja. DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, unabeba takwimu za afya za kitaifa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na kwa miaka mingi umekuwa ukisimikwa juu ya Tomcat. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, vilevile, na juu yake ndiko ilikojengwa KenyaEMR, inayotunza rekodi za watu wanaoishi na VVU. Seva za namna hii mara nyingi huangaliwa na ofisa mmoja wa TEHAMA mwenye majukumu mengine tele. Ndiyo maana napenda kinga ambayo ikishawekwa inaendelea kufanya kazi hata siku ofisa huyo yuko likizo.

Umiliki wa mafaili ni kinga ya aina hiyo. Tengeneza mtumiaji wa mfumo asiye na ruhusa ya kuingia kwenye mashine, mwite tomcat, kisha:

```
chown -R root:tomcat /opt/tomcat
chmod -R g+rX,g-w,o-rwx /opt/tomcat
cd /opt/tomcat
chown -R tomcat logs temp work
```

Matokeo yake ni kwamba Tomcat inasoma mipangilio yake na programu zake lakini haiwezi kuzibadilisha. Inaandika kwenye logs, temp na work tu. Mvamizi akipenya kwenye programu yako, hawezi kuacha JSP yake ndani ya webapps wala kugusa server.xml, faili kuu la mipangilio. Kwenye kipengele cha Host cha faili hilo weka pia `autoDeploy="false"`, ili programu zipakiwe seva inapoanza tu. Kuna usumbufu kidogo: WAR (kifurushi cha programu) itabidi uifungue mwenyewe ukiwa na mamlaka ya root, kisha uwashe Tomcat upya. Kwangu mimi huo ni usumbufu wa kupokewa kwa mikono miwili.

Wengi wanaoendesha Tomcat kama root walitaka poti 80 au 443, zile za HTTP na HTTPS, kwa kuwa Linux kwa kawaida haimruhusu mtumiaji wa kawaida kushika poti zilizo chini ya 1024. Jibu lake ni kuweka Nginx au Apache HTTPD mbele kama proksi, yaani mpokeaji wa maombi kabla hayajafika Tomcat, ishike 443 na ishughulikie cheti, na Tomcat ibaki nyuma kwenye 8080. Konekta (kipengele cha server.xml kinachopokea maombi) iongezewe `address="127.0.0.1"`, anwani ya mashine yenyewe, ili mtu wa nje asiweze kuipita proksi.

Hapa pana mtego ambao maelekezo mengi hayautaji. Programu ya manager, ile ya kusimamia Tomcat kwa kivinjari, huja na valvu (kichujio cha maombi) ndani ya faili lake la context.xml, inayokubali maombi kutoka kwenye mashine yenyewe peke yake, yaani anwani kama 127.0.0.1. Ukishaweka proksi kwenye mashine hiyohiyo, kila ombi linaifikia Tomcat likionekana limetoka 127.0.0.1, hata kama mtumaji yuko nje ya nchi. Valvu bado ipo, ila haizuii mtu tena. Kilichobaki ni nywila tu, na LockOutRealm, ambayo kwa chaguo-msingi hufunga akaunti kwa sekunde 300 baada ya majaribio 5 yaliyoshindwa. Tibu kwa RemoteIpValve ndani ya Host, ikisoma anwani halisi kutoka kwenye kichwa cha X-Forwarded-For ambacho proksi imeagizwa kukiweka. Ukiweka pia `requestAttributesEnabled="true"` kwenye AccessLogValve, logi zitaanza kuonyesha mteja halisi. Kama huitumii manager, ifute pamoja na host-manager, examples na docs. Mimi huzifuta karibu kila mara.

Halafu kuna AJP, konekta ya poti 8009 ya kuunganisha Tomcat na seva iliyo mbele yake. Mwezi Februari 2020 ilitangazwa kasoro ya CVE-2020-1938, maarufu kama Ghostcat: aliyeifikia poti hiyo aliweza kusoma mafaili ya programu, hata yale ya WEB-INF ambako mara nyingi hukaa nywila za hifadhidata. Ilirekebishwa kwenye 7.0.100, 8.5.51 na 9.0.31, na tangu hapo AJP huja ikiwa imezimwa. Lakini server.xml ya zamani ikinakiliwa kwenda toleo jipya, konekta hiyo huhama nayo. Ifute mstari wake kama huihitaji. Ukiihitaji, ifungie kwenye 127.0.0.1 na uipe `secret` ndefu. Ukiwa humohumo ndani ya server.xml, tazama mstari huu wa juu kabisa:

`<Server port="8005" shutdown="SHUTDOWN">`

Yeyote mwenye akaunti kwenye mashine anaweza kuunganisha 8005, akaandika neno SHUTDOWN, na Tomcat ikazimika. Weka `port="-1"`; systemd, msimamizi wa huduma za Linux, itaizima vizuri tu kwa njia yake.

Kuficha namba ya toleo kwenye kurasa za makosa ni sawa, `showServerInfo="false"` inatosha, ila usiipe muda mwingi. Alama ya `secure`, inayofanya kidakuzi cha kikao, JSESSIONID, kitumwe kwa HTTPS tu, ina uzito zaidi, iweke.

Namba ya toleo yenyewe ndiyo inayonisumbua. Machi 2025 ilitangazwa kasoro nyingine, CVE-2025-24813, iliyorekebishwa kwenye 9.0.99, 10.1.35 na 11.0.3. Ili ifanye kazi, lazima DefaultServlet, sehemu ya Tomcat inayohudumia mafaili ya kawaida, iwe imeruhusiwa kuandika, yaani mtu awe amegeuza `readonly` kuwa false. Aliyeacha chaguo-msingi alisalimika na kasoro hiyo. Tomcat 8.5 ilifikia mwisho wa matengenezo tarehe 31 Machi 2024, na bado naikuta kazini. Kinachowazuia watu ni kwamba Tomcat 10 ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta, na programu za zamani zinagoma. Basi nenda 9 kwanza. Tenganisha CATALINA_HOME, yenye mafaili ya Tomcat yenyewe, na CATALINA_BASE, yenye mipangilio na programu zako. Hapo toleo dogo jipya ni kufungua folda mpya, kubadilisha kiungo kimoja (symlink) kinachoelekea CATALINA_HOME na kuwasha upya, na likileta shida unarudisha kiungo kilipokuwa.