Mstari wa saratani ya ngozi ukipanda, usome umri kwanza

Kila takwimu mpya za saratani zinapotoka, sisi wa usajili wa saratani hupokea malalamiko ya namna mbili. Kuna wanaosema kampeni za kujikinga na jua zimeshindwa, kwa kuwa wagonjwa wanazidi. Na kuna wanaosema takwimu zimekuzwa. Nia yao ni njema, ila wote wameusoma mchoro wa takwimu hizo haraka mno.

Melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, anayokutwa nayo leo mtu wa miaka 65 haikuanza leo. Mionzi ya urujuanimno ya jua ilianza kuiharibu ngozi yake utotoni na ujanani, kila alipoungua na kubabuka. Australia ilianza kampeni yake kubwa mwaka 1981: vaa shati, paka mafuta ya kujikinga, vaa kofia. Kwa miaka mingi baadaye mstari wa jumla uliendelea kupanda. Tenganisha umri, na picha inabadilika. Kwa walio chini ya miaka 40, waliokua wakiisikia kampeni hiyo, viwango vya melanoma vimeshuka. Kwa wazee, ambao ngozi zao ziliungua kabla yake, vilizidi kupanda. Ndiyo sababu tunaomba, na tumeomba mara nyingi, watu wasilinganishe idadi ya wagonjwa wa miaka 30 iliyopita na ya leo. Linganisha wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000, tena kwa viwango vilivyorekebishwa kwa umri, yaani vilivyokokotolewa kana kwamba mgawanyo wa umri ni ule ule. Taifa lenye wazee wengi litakuwa na saratani nyingi hata kama hatari ya kila mtu haijaongezeka.

Mgonjwa huingiaje kwenye hesabu? Kipande cha ngozi hukatwa, hupelekwa maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya mwili, na ripoti hufika kwenye sajili. Hapo huangaliwa jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, makazi na tarehe ya ugonjwa kuthibitishwa. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, melanoma hupewa msimbo C43, na saratani nyingine za ngozi C44. Kisha huanza kazi ya kusaka majina yaliyojirudia, kwa sababu aliyetibiwa vituo vitatu lazima ahesabiwe mara moja tu. Tarehe ya kuzaliwa ikikosewa, mtu mmoja anaweza kugeuka wawili. Ripoti zikichelewa, mwaka wa mwisho kwenye mchoro huonekana umeshuka wakati haujashuka, kwa hiyo asishangilie mtu mapema. Mahali ambapo saratani ni ugonjwa wa kuripotiwa kisheria, kuripoti ni wajibu, si hisani ya kituo, na anayekaidi huweza kuwajibishwa.

Msimbo C44 ndio wenye utata. Una saratani za ngozi zilizo nyingi kuliko zote, zile za seli za tabaka la chini na za seli bapa, lakini sajili nyingi hazizihesabu. Mtu mmoja aweza kuwa nazo kadhaa, na nyingine huondolewa kliniki bila kipande kupelekwa maabara. Sheria ya New Zealand ya mwaka 1993, inayozitaka maabara ziripoti saratani, imeziacha kando hizo mbili za ngozi. Kwa hiyo ukisoma kwamba nchi fulani ina “saratani ya ngozi” nyingi kuliko nyingine, uliza kwanza nini kimehesabiwa.

Wanaosema takwimu zimekuzwa wana chembe ya ukweli, na chembe hiyo tunaikubali. Marekani, tangu 1975, viwango vya melanoma vimepanda takriban mara tatu, ilhali vifo vilibadilika kidogo tu kwa miongo kadhaa, kisha vikashuka kuanzia mwaka 2013 hivi, baada ya dawa mpya kuanza kutumika mwaka 2011. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na ngozi kukaguliwa zaidi na vipande vingi kukatwa. Sehemu tu. Jua na vitanda vya kuota mionzi, vya taa za kuipa ngozi rangi ya kahawia, vinabaki kuwa chanzo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vitanda hivyo mwaka 2009 katika kundi la kwanza la visababishi, lile la vinavyothibitika kusababisha saratani, pamoja na tumbaku.

Kuna dhana moja inayotuchosha, kwa kuwa inaua: kwamba mwenye ngozi nyeusi haugui. Huugua kwa nadra zaidi, hilo ni kweli. Lakini melanoma yake mara nyingi huota pasipopigwa na jua: kwenye unyayo, kiganjani, chini ya ukucha. Na saratani ya seli bapa huweza kuota kwenye kovu la moto au kidonda kilichokaa miaka bila kupona. Mtu mwenye ualbino, yeye hana kinga ya melanini, rangi ya asili ya ngozi, kabisa au anayo kidogo mno, na jua humdhuru tangu utotoni.

Doa linalobadilika rangi, umbo au ukubwa lionyeshe kwa daktari. Vivyo hivyo kidonda kisichopona, na mstari mweusi wa ukucha unaozidi kupanuka. Na wakikata, uliza kama kipande kimepelekwa maabara, kisha rudi uchukue majibu.