Muhula wa pili wa ujauzito: nini hubadilika kuanzia wiki ya 13

Muhula wa pili ni miezi ya katikati ya ujauzito, kuanzia wiki ya 13 au 14 hadi ya 27. Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mama aliyeandikiwa wiki 14 kwenye kadi ya kliniki amebeba mtoto aliyetungwa wiki kama 12 zilizopita.

Mwanzo wa muhula huu huwatia wengi wasiwasi kwa sababu ya nafuu yenyewe. Kichefuchefu kimekata, mtori unalika mpaka bakuli linabaki tupu, na tumbo bado dogo. Mtu anajiuliza kama mimba ipo kweli. Kwa kawaida ipo. Kondo la nyuma limeshachukua kazi ya kutengeneza homoni za kuutunza ujauzito, na homoni ya hCG, inayohusishwa na kutapika, imepita kilele chake na inashuka.

Kufikia wiki ya 16 mtoto ana kama sentimita 12 kutoka kichwani hadi makalioni, na gramu 100 hivi. Anakunja ngumi, anameza maji ya uzazi na kukojoa, na mwili unaota malaika, vile vinyweleo laini. Nesi akikuwekea tumboni ile fetoskopu ya mbao wiki ya 15 asisikie kitu, usilie: kwa chombo hicho mapigo husikika vizuri kuanzia wiki ya 18 au 20.

Badiliko ninaloliona kubwa kuliko yote halionekani kwa macho, nalo ni damu. Mwili wa mama unaongeza damu, na kuelekea mwisho wa ujauzito inaweza kuzidi ya awali kwa karibu nusu. Maji ya damu huongezeka haraka kuliko seli nyekundu, kwa hiyo damu inakuwa nyepesi. Mishipa nayo inalegea na presha inashuka kidogo; ukisimama ghafla unasikia kizunguzungu, pua inaziba, fizi zinatoka damu ukipiga mswaki.

Hapo ndipo vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vina kazi, hata kama vinafanya choo kiwe cheusi. Usivimeze na chai, maana chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Ni bora maji au juisi ya machungwa. Na dada yangu unayepita Mbuyuni, Moshi, kununua vipande vya pemba vya kutafuna, najua hamu yake ilivyo, lakini udongo ule unaweza kuzuia madini hayo hayo na kuleta minyoo. Nunua mnafu kwa muuza mboga, ongeza dagaa na maharage.

Kuanzia wiki ya 14 kliniki pia hutoa vidonge vya SP (sulfadoxine-pyrimethamine) vya kukinga malaria, isipokuwa kwa mama anayetumia kotrimoksazoli, dawa ambayo hupewa hasa wanaoishi na VVU kuzuia maambukizi. Ukiishi karibu na mashamba ya mpunga ya tambarare za Moshi, usiruke dozi, na chandarua kibaki pale pale.

Vichomi vya muda mfupi kwenye kinena ukigeuka kitandani ni kano za mfuko wa uzazi zinavutika. Damu ukeni, maji kutoka, homa au maumivu yasiyoachia ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Mtoto kucheza? Aliyewahi kuzaa anaweza kumsikia wiki ya 16. Mimba ya kwanza, mara nyingi ni 18 hadi 20.