Ujifunzaji mseto wa ukunga si kutazama video

Ujifunzaji mseto ni mpango wa masomo ambao kila sehemu ya stadi hupangiwa mahali inapofundishika vyema: mtandaoni, kwenye maabara ya stadi penye midoli ya mafunzo, au wodini kando ya mkunga mzoefu. Sehemu hizo hutegemeana, na ukiondoa moja mpango unavunjika. Maana yake ndiyo hiyo, wala si ngumu. Lakini siku hizi kozi yoyote yenye video kadhaa na jaribio la kuchagua jibu sahihi inaitwa mseto, na mwanafunzi anaondoka na cheti kinachosema amehitimu stadi za kuzalisha. Hapo lazima tusimame kidogo.

Mwaka 1990, daktari na mwalimu wa udaktari George Miller alipanga ngazi nne za kumpima mtaalamu wa afya: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha kwamba anaweza, anatenda kazini. Jaribio la kuchagua majibu linapima ngazi ya kwanza. Likitungwa kwa ustadi linagusa na ya pili. Ya tatu inahitaji mtu wa kukutazama ukifanya. Ndiyo maana mtihani wa vituo, ulioelezwa na Ronald Harden wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, na wenzake mwaka 1975, humtaka mwanafunzi atende mbele ya mtahini anayefuatilia kila hatua.

Chukua kutoa kondo la nyuma. Mtoto akishazaliwa, mkunga anahakikisha hakuna pacha tumboni, kisha ndani ya dakika moja anamchoma mama oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli. Mji wa mimba ukikaza, mkono mmoja unauzuia juu ya kinena na mwingine unavuta kamba ya kitovu taratibu. Mfuatano huu video inaufundisha vizuri kuliko mhadhara, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuurudia hadi aukariri. Kisichopita kwenye skrini ni nguvu ya kuvuta. Ukivuta kabla mji wa mimba haujakaza, kamba inaweza kukatika, au mji wenyewe ukapinduka na mama akavuja damu nyingi. Kuna ukinzani wa kawaida na kuna ukinzani unaokuamuru uache, na tofauti yake iko kwenye vidole.

Jambo hili lilijulikana zamani sana. Angélique du Coudray, mkunga wa Ufaransa, mwaka 1759 alipewa idhini na mfalme Louis XV kuzunguka nchi akifundisha ukunga. Alichapisha kitabu, na bado akatengeneza mdoli wa kitambaa na ngozi, wenye nyonga ya mama na mtoto wa kuzalishwa, ili wanafunzi waweke mikono yao pale wenyewe. Mmoja wa midoli hiyo ungali umehifadhiwa katika mji wa Rouen, Ufaransa. Kitabu na mdoli havikushindana mikononi mwake: kimoja kilieleza, kingine kiliachia mikono ijaribu na ikosee bila kumwumiza mtu. Huo ulikuwa mseto kamili, bila umeme.

Nasema haya nikijua wapo wanaokosea upande wa pili, wanaodai kwamba ukunga haufundishiki mtandaoni hata kidogo. Nao wanachanganya mambo, kwani si kila stadi ya vitendo ni ya mikono. Kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia mwenendo wa leba, na kutambua kwamba leba imekwama ni kazi ya macho na uamuzi. Mwanafunzi anaweza kupewa visa vingi mtandaoni kuliko atakavyovikuta wodini kwa muhula mzima. Kukadiria damu iliyopotea kwa macho ni hivyo hivyo: watu huelekea kukadiria pungufu, na picha za ujazo unaojulikana humwonyesha mwanafunzi anavyopotoka. Hata kushona msamba uliochanika kuna sehemu inayofundishika mtandaoni. Mwanafunzi akijirekodi anafunga mafundo kwenye sifongo, mkufunzi aliye mbali anaweza kumwonyesha sindano ilipoingia vibaya. Mtandao hapo umebeba masahihisho, na masahihisho ndiyo yanayojenga stadi.

Bado mama hawezi kukosekana. Viwango vya Shirikisho la Kimataifa la Wakunga vinataka angalau nusu ya programu iwe ya vitendo. Umoja wa Ulaya unamtaka mwanafunzi azalishe akina mama wasiopungua 40, au 30 pale idadi hiyo isipopatikana, mradi asaidie kuzalisha wengine 20. Hakuna idadi ya video inayoweza kuhesabiwa badala yao.

Kwa hiyo, ndugu mkufunzi, kozi yako ikiishia kwenye skrini, iite maandalizi ya stadi. Ni jina la heshima, na maandalizi mazuri humfanya mwanafunzi afike kwenye maabara akijua anachotafuta. Na kwenye cheti, kando ya kila stadi, andika ilithibitishwa kwa nini: kwa jaribio, kwa mdoli, au kwa mama, na ni nani aliyekuwa akitazama.