Trela na Mabango katika Sinema za Raundi ya Pili: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sinema ya raundi ya pili huichukua filamu baada ya kumbi kubwa kuivuna, ikaionyesha kwa kiingilio cha dola chache. Marekani inazo tangu enzi za mikanda, na mji wa Portland, Oregon, ulijijengea sifa kwa kumbi za aina hii ambamo mtazamaji huketi na bia yake na kipande cha piza. Wengi, hata baadhi ya wanaoanza kuziendesha, hudhani upande wa matangazo hauna kazi: filamu ikija, trela (video fupi ya kuitangaza) na bango vinakuja nayo. Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, na nyingine nyingi zimezaliwa humo.

Dhana: Trela na mabango huletwa pamoja na filamu

Havisafiri pamoja. Filamu hufika kwa diski ngumu, kwa setilaiti au kwa intaneti ikiwa imefungwa, na ufunguo wake wa kidijitali, KDM, hutumwa kwa barua pepe ukiwa na saa ya kuanza na saa ya kukoma. Trela na mabango hupita njia nyingine na hutangulia kwa miezi. Mwongozo wa hiari uliotolewa Januari 2014 na chama cha wenye sinema wa Marekani, wakati huo kikiitwa NATO (wale wa majeshi ni wengine), ulitaka trela isionyeshwe zaidi ya siku 150 kabla ya filamu kutoka, na mabango yasitundikwe zaidi ya siku 120. Ratiba yote imepangwa kwa ajili ya kumbi za raundi ya kwanza. Siku filamu inapotoka, kwa studio trela imemaliza kazi yake, na hakuna atakayechapisha mabango mapya wiki ya nane kwa sababu ukumbi wa viti 200 umeyahitaji.

Tatizo huzidi kwa namna filamu zinavyopangwa. Makubaliano na msambazaji mara nyingi hukamilika Jumatatu kwa filamu inayoanza Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Anayesubiri uthibitisho ndipo atafute trela amechelewa: alipaswa kuwa ameionyesha wiki mbili nyuma. Kwa hiyo kusanya trela ya kila filamu inayoelekea kukufaa pindi inapotolewa kwa kumbi za kwanza, iweke kwenye diski ya akiba yenye folda kwa kila mwezi, na usiifute hadi filamu ipite kwako au ionekane wazi kwamba haiji. Nyingi hazitatumika kamwe. Diski ni rahisi kuliko Ijumaa isiyo na watu.

Kwa mabango, chanzo cha kuaminika ni meneja wa ukumbi wa raundi ya kwanza ulio karibu. Filamu ikiondoka kwake bango hutolewa kwenye fremu, kisha hutupwa au huchukuliwa na wafanyakazi. Mwombe mapema wiki hiyo, kabla ya Alhamisi usiku, kwa sababu fremu hubadilishwa kwa ajili ya programu mpya ya Ijumaa. Ukimpa na orodha ya filamu unazozingojea kwa miezi miwili ijayo, hatalazimika kukisia.

Dhana: Bango likishatundikwa ni mali ya ukumbi

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 halikuwa hivyo hata kidogo. Kampuni ya National Screen Service ilianza mwaka 1920 kwa kutengeneza na kusambaza trela, na kufikia miaka ya 1940 ilikuwa imeshika pia usambazaji wa mabango ya studio nyingi kubwa. Ukumbi ulikodisha bango, ukalitumia, ukalirudisha, nalo likapelekwa mji mwingine. Ndiyo maana mabango ya zamani yana mikunjo, matundu ya pini na alama za gundi: yalikunjwa ili yatumwe kwa posta, na kufikia raundi ya tatu yalikuwa yamechoka. Chini yake utaona namba kama 77/21, yaani mwaka 1977, filamu ya 21 kuandikishwa mwaka huo.

Kulikuwa pia na wafanyabiashara huru waliokodisha mabango kwa kumbi ndogo kwa bei nafuu. Wawili wa Philadelphia, wenye Independent Poster Exchange, waliishtaki National Screen na studio kwa kuhodhi biashara hiyo. Kesi ya kwanza ya mwaka 1942 iliishia kwa mapatano. Walipofungua nyingine mwaka 1949 wakaambiwa shauri lilikwisha amuliwa, hadi mwaka 1955 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, katika kesi ya Lawlor, mmoja wao, kwamba wanaweza kuendelea. Karatasi za ukutani zilikuwa na fedha za kutosha kufikishwa huko.

Leo karatasi haidaiwi tena. Trela ni jambo jingine: ruhusa uliyo nayo ni ya kuionyesha kwenye ukumbi wako, si ya kuiuza.

Dhana: Trela ya YouTube inatosha, watazamaji hawaoni tofauti

Wanaiona, ila hawajui kuieleza. Husema tu kwamba picha ya ukumbi huo ni mbovu. Trela ya sinema huja katika kifurushi cha faili kiitwacho DCP: kila fremu ni picha kamili ya JPEG 2000, rangi za biti 12, na mtiririko wa data unaoweza kufika megabiti 250 kwa sekunde. Video ya mtandaoni ya 1080p hupewa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na rangi zake ni biti 8. Kwenye simu haionekani. Kwenye skrini ya mita 9, anga la jioni hugeuka ngazi za rangi na giza hujaa vijisanduku.

Sauti ina kasoro yake. Video ya mtandaoni kwa kawaida ina njia mbili, kushoto na kulia. Ukumbi una spika ya katikati nyuma ya skrini kwa ajili ya mazungumzo. Bila hiyo, aliyeketi kushoto husikia kila mhusika akisemea ukuta wa kushoto.

Kisha kuna kasi. Faili nyingi za mtandaoni huenda kwa fremu 23.976 kwa sekunde, sinema ni 24. Ukiharakisha picha bila kuharakisha sauti, mwisho wa trela ya sekunde 150 midomo imeachana na maneno kwa sekunde 0.15, karibu fremu nne. Na trela ya picha pana iliyobanwa ndani ya umbo la televisheni huja na mistari myeusi juu na chini. Iweke kwenye skrini pana kama ilivyo na utapata picha ndogo iliyozungukwa na weusi pande zote nne.

Juu ya yote hayo, masharti ya YouTube hayakuruhusu kupakua video na kuionyesha hadharani. Ikiwa DCP haipatikani kabisa, mwandikie msambazaji umwombe faili ya ubora wa juu na ruhusa ya maandishi, kisha ibadilishe kwa DCP-o-matic, programu huria isiyolipiwa. Kata mistari myeusi, chagua umbo sahihi, weka fremu 24, na kama sauti ni ya njia mbili tumia kichujio cha programu hiyo kinachopeleka mazungumzo katikati. Ijaribu ukumbini asubuhi, si kwenye kompyuta.

Dhana: Trela ikigoma, tatizo ni ufunguo

Kwa kawaida trela hazifungwi, kwa hiyo hazihitaji KDM. Zikigoma, anza na diski. Seva nyingi za sinema zinapenda diski ya mfumo wa ext2 au ext3, ambao Windows haiuandiki yenyewe. Tumia kompyuta yenye Linux. FAT32 nayo haibebi faili inayozidi gigabaiti 4, na trela ya dakika mbili na nusu kwa mtiririko wa juu kabisa inaweza kufika 4.7.

Kosa la pili ni mkono wa mtu. Ndani ya kifurushi kuna faili ya ASSETMAP inayoorodhesha nyingine zote kwa majina. Mtu akibadilisha jina la faili moja ya MXF (ya picha au sauti) ili alikumbuke, seva huitafuta kwa jina la zamani, haiioni, na hukataa kifurushi kizima. Badilisha jina la folda ukitaka, vilivyomo usiviguse. Na kila trela ikae kwenye folda yake, la sivyo ASSETMAP ya pili itaifuta ya kwanza.

Jina refu la kifurushi linajisoma lenyewe. TLR-2 ni toleo la pili la trela. TSR ni kionjo, yaani trela fupi ya mapema. F ni picha ya umbo la flati, pikseli 1998 kwa 1080; S ni skopu, umbo pana zaidi, 2048 kwa 858. EN-XX ni Kiingereza bila maandishi ya tafsiri, 51 ni sauti ya njia sita, na GB baada ya US ni ukanda wa kijani (tangazo la idhini mwanzoni mwa trela), si Uingereza. Ukanda huo nao haumaanishi kwamba trela inafaa mbele ya filamu yoyote. Mwaka 2009 maneno yake yalibadilishwa kutoka watazamaji wote kuwa watazamaji wanaofaa. Trela ya filamu ya kutisha yenye ukanda wa kijani haikuandaliwa kwa ajili ya katuni ya Jumamosi asubuhi.

Kwa raundi ya pili chagua TLR na uache kionjo. Kionjo hutengenezwa kuamsha hamu miezi kadhaa kabla. Filamu inayokuja kwako wiki ijayo inahitaji kuonyesha hadithi yake.

Dhana: Trela nyingi, wateja wengi

Tatu au nne zinatosha, na zote ziwe za filamu zitakazofika kwenye skrini hiyo. Trela ya filamu ambayo hutaipata kwa miezi mitatu inautangazia mji ukumbi wa jirani. Panga za flati pamoja na za skopu pamoja, ukimalizia na umbo la filamu yenyewe, ili lenzi ibadilike mara moja tu. Weka sekunde tano za weusi mahali pa kubadilisha. Bila hizo watu huona picha ikivutwa mbele ya macho yao.

Dhana: Kelele ya trela haina dawa

Dawa iko kwenye prosesa ya sauti. Filamu huchanganywa kwa kipimo cha 7 cha prosesa ya Dolby. Kati ya 4 na 10, hatua moja ni desibeli 3.3, hivyo kutoka 6 hadi 5 ni tofauti inayosikika vizuri. Kwenye orodha ya kuonyesha weka amri ya kushusha sauti mwanzo wa trela ya kwanza na amri ya kuirudisha mwanzo wa filamu. Hii ya pili ndiyo husahaulika, na filamu nzima huonyeshwa kwa sauti ya mnong'ono huku mwendesha mitambo akiamini spika zimekufa.

Dhana: Bango lolote likikosekana, unaprinti

Bango la kawaida la Marekani ni inchi 27 kwa 40 (sentimita 68.6 kwa 101.6). Kabla ya katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa 27 kwa 41, na inchi hiyo moja isikufanye ulikate la zamani; bango lililokatwa hivyo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Yanayouzwa madukani mara nyingi ni 24 kwa 36, na kwenye fremu ya sinema huacha pengo la inchi 1.5 kila upande na 2 juu na chini.

Picha ya mtandaoni yenye pikseli 1000 kwa 1500, ikitandazwa kwenye karatasi ya inchi 27, inabaki na pikseli 37 kwa inchi. Kwa usomaji wa karibu unahitaji angalau 150, yaani pikseli 4050 kwa 6000. Hata ukiipata, kuchapisha kunahitaji idhini ya msambazaji.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni upande wa nyuma. Mabango yanayotolewa kwa sinema huwa yamechapishwa pande mbili, nyuma ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, ili taa ya fremu ikipita kwenye karatasi rangi zisififie. La upande mmoja kwenye fremu hiyo hupauka, na mirija ya taa huonekana kama mistari. Likiwa ndilo pekee ulilonalo, zima taa ya nyuma na ulimulike kwa mbele. Usitumie selotepu upande wa picha. Hifadhi yakiwa yamekunjwa duara kwenye bomba pana la karatasi gumu, sio yamefungwa kwa mpira unaoacha alama kiunoni.

Lililobaki ni tarehe. Bango na trela vyote vimeandikwa tarehe ya raundi ya kwanza, na mtu akiona Julai 15 mwezi Septemba hudhani amekosa. Juu ya bango, bandika kwenye kioo cha fremu ukanda wa karatasi wenye siku yako na kiingilio, uzibe tarehe ya zamani. Trela usiikate, ifuatishe na slaidi ya sekunde 10, fremu 240, iliyotengenezwa kwa DCP-o-matic: jina la filamu, Ijumaa gani, saa ngapi, dola ngapi. Slaidi hii ina uzito zaidi tangu Julai 2020, studio ya Universal na kampuni ya kumbi za sinema ya AMC walipokubaliana kwamba filamu inaweza kukodishwa nyumbani baada ya siku 17 tu, wakati zamani kumbi hizi ziliishi ndani ya pengo la takriban miezi mitatu. Ambaye angeweza kuitazama kwenye kochi lake anahitaji kuiona bei yako kwa herufi kubwa.