Wajane wa Rwanda Hawakufundishwa Kulima Kahawa

Wiki hii mgeni mwingine, akiwa amesimama kando ya kichanja ambapo mama mmoja alikuwa akichambua kahawa ya maganda (punje zilizokwisha kutolewa nyama ya tunda lakini bado zina ganda jembamba), ameniuliza ni nani aliyewafundisha wajane wa Rwanda kulima kahawa baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Swali hilo nimelichoka. Mama hakuinua hata macho; vidole vyake viliendelea kutoa punje zilizotobolewa na wadudu kwa kasi ambayo mimi, mwenye cheti ukutani, siifikii.

Palizi na uchumaji vilikuwa mikononi mwa wanawake tangu waume zao wakiwa hai. Walichokosa ni shamba lenye jina lao. Kwa mila, ardhi ilirithiwa na watoto wa kiume, na mjane alibaki shambani kwa ridhaa ya ukoo wa marehemu. Mashemeji walipolitaka shamba, angewaonyesha nini? Sheria namba 22 ya tarehe 12 Novemba 1999 iliwapa mabinti urithi sawa na kaka zao na kumlinda mjane, lakini kuna jambo ambalo wapenda hadithi tamu huliruka: mjane aliyelindwa ni yule aliyefunga ndoa ya serikali. Aliyeolewa kimila tu, hata kama alizaa watoto sita na kuipalilia mibuni ile miaka 20, mbele ya sheria hiyo hakuwa mke. Vijijini, wa namna hiyo walikuwa wengi.

Kuhusu mitambo ya kukoboa na kuosha kahawa nitasema machache. Kahawa iliyokobolewa nyumbani iliuzwa kwa bei duni. Mtambo wa Maraba, kusini mwa Rwanda, ulianza kazi mwaka 2001, na mwaka 2003 Epiphanie Mukashyaka, ambaye mumewe aliuawa mwaka 1994, alijenga wa kwake chini ya kampuni ya Buf Café. Bei ikapanda, nami nafurahi.

Hata hivyo nina shaka ambayo siiandiki katika ripoti zangu. Mtambo umemwondolea mama kazi ya kukoboa, lakini haupokei ila matunda mabivu, kwa hiyo mama huurudia mti uleule mara kadhaa kwa msimu, kisha hubeba kikapu hadi kwenye mizani kabla jua halijazama. Mama wa kichanjani alipomaliza zamu yake alijifunga kanga, akachukua kikapu kitupu, akaelekea kwenye mibuni yake mwenyewe.